Gamba la Gemu

Siku ya kuanua tanga, watu walipokwisha kula na kuomba dua, Soud aliingia chumbani kwa marehemu kaka yake akaanza kukusanya nguo. Desturi ya kwao ni kwamba nguo za marehemu hupewa aliyemwosha. Akakunja kanzu, mashati ya kazini, koti la mvua, akavitia vyote katika shuka moja kubwa. Mwanasiti, mjane, alikuwa upande wa pili wa pazia, kakaa mkekani na wifi yake Thuwaiba, macho yamemvimba kwa kulia. Soud akamwuliza kutoka huko huko ndani:

"Shemeji, na hivi vilivyofungwa kwa vikoi, navyo nivitoe?"

"Toa vyote," Mwanasiti akajibu.

Hakuinuka kutazama. Ndani ya kikoi kimoja mlikuwa na gamba la mashine ya gemu ya zamani, ya kuchomekwa kwenye televisheni, lile la kijivu lenye kifuniko cha duara. Ndani ya gamba mlikuwa na kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta mlikuwa na sauti ya Hilal, mume wake. Hapakuwa na mahali pengine popote duniani ilipobaki sauti hiyo.

Hilal alikuwa mtu wa Wete, Pemba. Alivuka kuja Tanga ujanani kutafuta kazi, akapata ya kutunza jumba moja la ofisi kule Raskazone, na kwenye banda la uani la jumba hilo ndiko alikomleta Mwanasiti alipomwoa. Watoto hawakujaaliwa. Walikuwa na tuta la mchicha, redio, na maneno mengi ya kutaniana, vikawatosha.

Mwanasiti alikuwa amemaliza kidato cha nne, na hamu yake ya miaka mingi ilikuwa kujifunza kuchapa kwa kompyuta, ili siku moja aombe kazi katika mojawapo ya ofisi zile alizokuwa akiziona kwa mgongoni tu, upande wa jikoni. Kompyuta ya dukani ilikuwa mbali nao. Na hata wangeipata wangeiweka wapi? Banda lilikwisha kuvunjwa na vibaka, wakabeba mpaka pasi ya mkaa.

Basi jirani mmoja alipohama, alitupa gemu mbovu kwenye pipa la taka. Hilal akaiokota, akaipangusa vumbi, akabonyeza kitufe cha kufungulia kifuniko. Kifuniko kikainuka chenyewe, polepole, kama siku kilipotoka kiwandani. Akacheka peke yake pale pipani. Alipofika nyumbani akamwambia mkewe kwamba kompyuta yake imeshapata nyumba.

"Si gemu hii?" Mwanasiti akauliza.

"Ndio uzuri wake. Mwizi gani atabeba gemu iliyokufa?"

Kompyuta yenyewe ilikuja baadaye. Mtafiti mmoja wa msitu wa Amani, aliyekuwa akifikia pale ofisini kila aliposhuka mjini, alimpa bodi ndogo isiyozidi kiganja cha mkono. Bodi ile ilikuwa imefungwa mtini huko msituni msimu mzima, ikinasa sauti za vyura. Maji yakaiingia, mtafiti akaona haifai tena. Hilal aliisugua kwa mswaki na spiriti, akaianika, akalehemu upya sehemu zilizooza kwa kutu, nayo ikawaka. Ilikuja na maiki yake na memori yake, na ndani ya memori vyura walikuwamo bado. Ikawa banda la Raskazone linalia vyura wa Amani katikati ya kiangazi, mpaka mwenye duka la jirani akauliza kama wamechimba kisima.

Kuiingiza bodi ndani ya gamba ndiko kulikokuwa kazi. Hilal alitoa matumbo yote ya gemu, akabaki na gamba tupu. Gamba lilikuwa kubwa, bodi ndogo, lakini hakuna tundu la huku lililokutana na tundu la huku. Pale palipokuwa pakichomekwa pedi za kuchezea alitaka pachomekwe kibodi, kwa hiyo alikaa na tupa akipasugua kidogo kidogo, anapima, anasugua tena. Vya kuinulia bodi isilale kwenye plastiki alivikata kutoka kwenye kalamu zilizokwisha wino, zilizotupwa na watu wa ofisini. Alipofunga kila kitu na kuwasha, joto la Tanga likafanya lake: kompyuta ikachemka, ikajizima. Akaifungua, akatoboa matundu chini, akatia feni ndogo. Ikachemka tena. Akageuza feni iwe inavuta badala ya kupuliza, ndipo ikatulia.

Lakini kilichomtesa zaidi ni kitufe cha kuwashia. Angeweza kutoboa pembeni akaweka swichi ya kawaida, naye Mwanasiti alimwambia hivyo. Hilal hakutaka. Alitaka kitufe kile kile cha gemu ndicho kiwashe kompyuta, na kitaa chake kile kile ndicho kiwake. Alisema kitufe kikiwa cha uongo, gamba zima litakuwa la uongo.

Kila alasiri akitoka kazini hukaa na gamba lake juu ya meza, miwani puani, na Mwanasiti akipita humtupia neno.

"Leo zamu ya nani, yangu au ya bibi mdogo?"

"Ya bibi mdogo," Hilal humjibu bila kuinua kichwa. "Ana homa."

Gamba lilipokamilika, likachomekwa kwenye televisheni kuukuu ya kuokota, Mwanasiti akaanza kujifunza kuchapa. Alichapa majina ya watu wa nyumba yao, akachapa tangazo la mchicha. Akimaliza, Hilal hulifunga gamba kwa kikoi, maana upepo wa Raskazone una chumvi na chumvi hula bodi, halafu huliweka sandukuni kati ya nguo zake.

Alasiri moja Hilal alitaka kujua kama maiki ya vyura inasikia bado ikiwa ndani ya gamba. Mwanasiti alikuwa uani anakanda unga wa chapati. Akamwita. Akaja, mikono imejaa unga, akasema neno, Hilal akamrudishia sauti yake aisikie, maiki ikiwa wazi bado. Mwanasiti alicheka mpaka akaegemea mlango, kwa sababu hakujua kwamba ana sauti nyembamba namna ile. Akamwambia ana wazimu, akarudi kwenye unga wake, akamwacha amekaa mbele ya kile kitu. Hayo ndiyo aliyoyakumbuka. Maneno yenyewe waliyoyasema hakuyakumbuka, kwani ilikuwa siku kama siku nyingine, na hakuna aliyefikiri kuyaweka moyoni.

Mvua za vuli hazijaisha, Hilal akaanguka tutani akipalilia mchicha. Hospitali wakasema ni figo. Hakukaa sana, akafariki.

Msiba ulijaa. Watu walivuka kutoka Pemba, wa Tanga wakaja, na katikati ya msiba huo Mwanasiti alisikia jambo ambalo hakutarajia kulisikia. Soud alimwambia kwamba Hilal alikuwa anajua. Alijua muda mrefu. Zile siku alizoaga kwamba anakwenda kutafuta vipuri mjini, alikuwa akienda kwa daktari.

"Wewe ulijua?" Mwanasiti akamwuliza.

"Alinipigia simu, shemeji. Akanikataza kabisa nisikwambie. Alisema atakwambia mwenyewe."

Mwanasiti akarudi mkekani. Kila aliyekuja kumpa pole alimpokea vizuri, lakini neno lile lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki changu, na kila akimeza linachoma. Mume aliyekuwa akimhadithia mpaka ndoto zake alimficha kifo chake. Ndugu yake akamwambia, yeye hakumwambia.

Akaingia eda. Wenye ofisi walimruhusu akae bandani mpaka aimalize, na Thuwaiba akabaki naye asiwe peke yake. Nyumba ikawa kimya. Sura ya Hilal alikuwa nayo, katika picha ya kitambulisho na katika picha ya harusi. Sauti ndiyo iliyoanza kumponyoka. Mwanzoni alikuwa akiisikia wazi, akipika au akikunja nguo. Halafu ikawa lazima aitafute. Halafu siku moja akaitafuta akasikia sauti ya Soud badala yake, kisha ya mtangazaji wa redio. Aliketi chini pale pale jikoni. Alihisi kama Hilal anakufa mara ya pili na safari hii yeye ndiye anayemwachilia.

Hapo ndipo alipokumbuka maiki. Akaenda sandukuni haraka, akalikuta tupu. Akasimama mbele yake muda, mpaka akajisikia mwenyewe akimjibu Soud nyuma ya pazia.

Alimpigia Soud simu Pemba. Soud aliapa kwamba hakufungua kikoi hata kimoja. Alivishika tu, akaviona vizito, akadhani ni viatu. Furushi zima alimkabidhi Mzee Jumbe wa Pongwe, aliyemwosha kaka yake. Mwanasiti akamwomba Thuwaiba aende Pongwe, maana yeye eda haimruhusu kutoka. Thuwaiba akakataa.

"Wifi, kitu kikishatoka kwa jina la maiti hakifuatwi. Unataka kumpokonya kaka yangu thawabu zake, naye yuko kaburini?"

"Sitaki gemu. Nataka ile memori tu. Ni ndogo kama ukucha."

"Hata ukucha, wifi."

Kisha Thuwaiba naye akageukia ukutani akalia, kwa sababu alikuwa dada yake, na sauti ile alikuwa akiitaka yeye pia.

Tangu hapo Mwanasiti aliikaa eda yake akihesabu hofu mbili. Akiamua kwenda, huenda atamharibia Hilal kitu kule aliko. Asipokwenda, itafika siku ataamka asijue tena mumewe alikuwa akisemaje. Alizipima hizo mbili kila siku, na kila siku ya pili ilikuwa nzito zaidi.

Siku ya kutoka eda wanawake wa mtaani walikuja, wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamvalisha nguo ya rangi. Kesho yake asubuhi akavaa buibui. Thuwaiba hakumwuliza anakwenda wapi. Alimnyooshea tu ushungi mabegani, akamwambia asisahau kula.

Mzee Jumbe alimpokea barazani kwake Pongwe. Mwanasiti akamwamkia shikamoo, akapewa kiti na maji, kisha akashindwa pa kuanzia. Mzee ndiye aliyemsaidia. Alisema Hilal alikuwa mwepesi kuoshwa, viungo vyake vilikuwa laini, na kwamba ni alama njema. Mwanasiti akashukuru. Ndipo akaeleza yote, kikoi na gamba na maiki, akichunga maneno yake yasije yakasikika kama madai.

Mzee Jumbe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nguo aliwagawia watu wasio nazo, na ile gemu alimpa jirani yake Castory, mwenye banda la watoto kuchezea gemu, kwa kuwa yeye na uzee wake angecheza na nani.

"Nimefanya vibaya kuja, babu?" Mwanasiti akauliza. "Wifi yangu anasema namnyang'anya thawabu."

Mzee akamsogezea tena maji.

"Nilichopewa mimi ni mzigo. Nimeupokea na nimeutoa, na hayo yamekwisha andikwa, hayafutiki. Lakini sauti ya mtu si kanzu, mwanangu. Hakuna aliyenuia kuitoa. Inuka twende."

Banda la Castory lilikuwa hatua chache tu kutoka pale. Saa hizo watoto walikuwa shuleni, naye alikuwa akifagia. Alikuwa kijana mnene wa Bukoba aliyeletwa Tanga na kazi ya kiwanda, kazi ikaisha, yeye akabaki. Alimwamkia mzee, akawakaribisha benchini. Mwanasiti hakukaa. Alikwisha kuliona gamba, lipo kwenye rafu chini ya televisheni, limebandikwa picha za wachezaji mpira, na kitaa chake kinawaka.

"Kaka," akasema, "samahani sana. Ile gemu ya kijivu, ulipoipokea, mlikuwa na kitu ndani yake. Nimekuja kukiulizia."

Castory aliacha kufagia. Alimtazama Mwanasiti, akamtazama mzee, akarudi kumtazama Mwanasiti, na uso wake ukabadilika.

"Sauti yako naijua, mama," akasema polepole. "Wewe ndiye mwenye unga mikononi."

Mwanasiti akasogea karibu naye.

Castory akaanza kusema haraka haraka, kama mtu anayetaka kulimaliza jambo kabla halijamshinda. Alipofungua gamba akakuta kompyuta, alishangaa, hakuwahi kuona kazi safi namna ile. Akaiwasha aone ina nini. Akakuta vyura wengi, na faili moja refu. Alidhani ni muziki, akaliacha likaenda. Alimsikia mwanamume anaita, na mwanamke anakuja, analalamika kwamba ana unga mikononi, kisha anacheka, naye akacheka pamoja nao. Kisha akafuta kila kitu, akajaza gemu za watoto juu yake, akajaza mpaka pomoni.

"Haiwezi kurudi?" Mwanasiti akauliza.

"Nilifuta, nikaandika juu yake, nikafuta tena. Hata fundi wa Dar hawezi. Nisamehe, mama. Nilijua ni kitu kilichotupwa."

Hapakuwa na wa kulaumiwa, na hilo ndilo lililomwuma Mwanasiti zaidi. Alisimama pale akiangalia kitaa kinavyowaka. Mzee Jumbe alikuwa ameinamisha kichwa, midomo yake inacheza kwa dua.

Kisha Mwanasiti akasema, kwa upole, "Umesema lilikuwa refu. Sisi tulisema maneno mawili tu."

Castory akaugeuzageuza ufagio mkononi.

"Wewe ulipoondoka yeye aliendelea."

"Aliendelea kusema nini?"

"Mama, yale yalikuwa mambo ya watu. Nilisikiliza kwa sababu nilikuwa nangoja muziki."

"Niambie tu, kaka."

Castory akamtazama mzee, mzee akatikisa kichwa kukubali.

"Alinyamaza kwanza. Nikadhani imekwisha. Halafu nikamsikia anasema taratibu, kama mtu anayejifunza hotuba: 'Mwanasiti, njoo ukae kitako, nina neno.' Akanyamaza. Akasema tena vile vile, lakini safari hii kwa kuchekacheka, kama anafanya mzaha. Akaona haifai, akaacha. Akaanza tena. Mara moja alifika mbali kidogo, akasema 'daktari kanambia,' akakohoa, akarudi mwanzo. Mara nyingi, mama. Mimi nikafikiri labda ni mchezo wa kuigiza."

"Akamaliza?"

"Hakumaliza. Mwishoni alisema, 'Basi, kesho.' Ikazimika."

Mwanasiti hakulia. Alikuwa anamwona Hilal ameinamia lile gamba, miwani puani, na yeye yuko uani, hatua chache tu, anapiga unga wake na kuimba. Mlango ulikuwa wazi. Angegeuka kidogo angesikia. Mwiba aliokaa nao eda nzima ulitoka, na pale ulipotoka pakaanza kuuma upya, maumivu mengine kabisa. Alikuwa amemkasirikia mtu aliyekuwa akijaribu.

Castory alikwisha kuchomoa nyaya. Alilitoa gamba kwenye rafu, akalipangusa kwa shati lake, akamnyooshea kwa mikono miwili.

"Chukua, mama. Chukua chako."

"Rudisha mahali pake," Mwanasiti akasema. "Imeshatolewa kwa jina lake. Waache watoto wacheze."

Castory akarudisha. Alichukua muda kuchomeka nyaya. Kitaa kikawaka tena. Alipogeuka, Mwanasiti alikuwa amesogea katikati ya banda, amesimama wima na ushungi wake.

"Lile neno la mwanzo," akasema. "Lile la kuniita. Lirudie kama alivyolisema."

"Mimi siwezi kusema kama yeye, mama. Yeye alikuwa na sauti ya huko kwenu, tena nzito."

"Najua huwezi. Lirudie tu."

Castory akajifuta viganja kwenye suruali. Akatazama chini, akakohoa, kisha akasema kwa sauti yake ya Bukoba, polepole, akitafuta kila neno mahali pake:

"Mwanasiti, njoo ukae kitako, nina neno."

Mwanasiti akalivuta benchi la watoto, akakaa, akaiweka mikono yake magotini, akamwinulia uso kijana yule, akangoja.